Maswali ya Wasomaji: Miche Inayozaliwa Chupani

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya miche ya viazi inayokuzwa ndani ya chupa, na tangu hapo barua hazijakoma. Nimechagua sita. Kwa asiyenijua: nimeshika chupa hizo miaka 17 katika maabara moja hapa Mbeya, na kabla ya hapo nilikuwa binti wa mkulima wa viazi Umalila. Naandika nikiwaza watu wa nyumbani kwanza.

SWALI: Shikamoo mama. Nalima viazi mviringo hapa Ilembo, eka moja na nusu. Zamani shamba hili lilikuwa linatoa vizuri, siku hizi mbegu imechoka. Viazi vinatoka vidogo kama ndimu, majani yanajikunja. Bwana shamba anasema kuna mbegu za maabara zinazooteshwa kwenye chupa. Hizo ni nini hasa, na zinaiponyaje mbegu iliyochoka? *Mkulima, Umalila*

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Mbegu imechoka" ndivyo alivyosema marehemu baba yangu pia, na dawa yake ilikuwa kubadilishana mbegu na ndugu zake wa Santilya. Msimu mmoja hali inakuwa afadhali, msimu wa pili tunarudi palepale.

Mbegu ile haikuchoka, iliugua. Mahindi unapanda punje, na magonjwa mengi ya virusi hayapiti kwenye punje. Kiazi unapanda kipande cha mama yake chenyewe. Alichougua mama, mtoto anazaliwa nacho. Vidukari, wale wengi wanaowaita wadudu mafuta, wanafyonza mmea mgonjwa kisha wanahamia kwa jirani yake na kumwachia virusi. Majani ya chini yakijikunja kuelekea juu na kuwa makavu, ukiyaminya yanatoa mlio, hapo mara nyingi ni virusi vya kukunja majani. Huwezi kupiga dawa ya kupona. Hakuna dawa ya virusi shambani.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma, kwa sababu na sisi nyumbani tulilifanya miaka yote. Wakati wa kuvuna, viazi vikubwa vinaingia kwenye lumbesa vinakwenda sokoni. Vidogo tunabakiza, tunasema "hivi vya mbegu". Lakini jiulize ni mmea gani uliozaa vidogo tupu. Ni ule mgonjwa. Kwa hiyo kila msimu tumekuwa tukiuza watoto wa mimea yenye afya na kupanda watoto wa mimea yenye virusi, kwa mikono yetu wenyewe, na kisha tunailaumu ardhi.

Maabara inafanya hivi. Tunachukua kiazi cha aina tunayoitaka, tunakiacha kichipue, na mara nyingi tunaweka mmea wake kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa wiki kadhaa ili virusi vipungue nguvu. Kisha chini ya darubini tunakata ncha kabisa ya chipukizi, pale mmea unapokua. Kipande chenyewe hakifiki nusu milimita. Ukikiweka juu ya ukucha bila darubini utadhani ni vumbi. Pale nchani chembe hai za mmea (seli) zinagawanyika haraka na mishipa ya mmea bado haijafika, na virusi husafiri zaidi kwa mishipa, kwa hiyo mara nyingi vinabaki nyuma. Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, ndio waliofungua njia hii: mwaka 1952 kwa maua ya dalia, na mwaka 1955 kwa viazi.

Kipande hicho kinawekwa kwenye chupa yenye chakula kilichoganda kama jeli: chumvi za madini, sukari, vitamini kidogo, homoni kidogo. Kinakaa miezi kadhaa kabla hakijawa mche wa kushikika. Halafu unapimwa virusi. Narudia, mwanangu, unapimwa. Mwaka wangu wa tatu kazini tuliletewa mmea mzuri ajabu, majani mapana, kijani cha kupendeza, na mahali nilipokuwa nafanya kazi tuliuzidisha kwa haraka kwa sababu wakulima walikuwa wanasubiri. Kipimo kilikuja baadaye. Ulikuwa na virusi, na kila mche tuliouzalisha kutoka kwake ulikuwa navyo. Tulitoa shelfu nzima, tukachemsha chupa zote, tukazika. Nililia siku ile. Chupa inanakili ulichokiweka ndani yake, kizuri na kibaya sawasawa, na tangu siku hiyo sijawahi kuzidisha mmea ambao sijauona kwenye karatasi ya majibu.

Mche ukishathibitika kuwa safi, kuuzidisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila baada ya wiki tatu au nne unaukata vipande, kila kipande kina kifundo kimoja na jani lake, unakisimamisha kwenye chupa mpya. Kwapani mwa jani hutoka mche mpya. Tuseme kila mche unakupa vipande vinne tu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza una 4, wa pili 16, wa tatu 64, na mwezi wa saba umefika 16,384. Eka moja, ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, inataka mbegu 18,000 hivi. Hesabu hiyo inaonyesha nguvu ya kifundo tu. Mche wa chupa haupelekwi shambani moja kwa moja. Unakwenda kwenye kitalu nyumba kisicho na vidukari, unazaa viazi vidogovidogo, hivyo vinapandwa na wazalishaji wa mbegu mahali pa juu penye baridi, na kizazi kinachofuata au kile cha baada yake ndicho kinachokufikia wewe kwenye gunia.

Kwa hiyo wewe wa eka moja na nusu usitafute chupa. Tafuta mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iliyothibitishwa au ya daraja la kuazimiwa ubora, na uliza kwa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, ni wazalishaji gani wanayo msimu huu. Aina kama Asante, Sherekea, Meru na Mkanano zilisajiliwa, ingawa najua huko kwenu wengi bado mnapenda Kikondo na Arka kwa sababu ya soko. Nunua kidogo, robo eka, uitunze kama shamba la mbegu peke yake, mbali na viazi vingine.

Kabla ya kuipanda, pima shamba lako. Ukiona mmea unanyauka ghafla wakati udongo una unyevu, kata shina lake chini, karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya kioo yenye maji safi, usiutikise. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko bakteria, na uko kwenye udongo. Mbegu safi ya maabara ukiipanda hapo itaugua kama nyingine yoyote, kwa sababu usafi wake si kinga. Weka mahindi au ngano misimu kadhaa, ng'oa viazi maotea vyote, vile vinavyoota vyenyewe, usiweke nyanya wala pilipili wala bilinganya.

Na msimu huu huu, wakati shamba linapotoa maua, beba vijiti. Tembea mstari kwa mstari, chomeka kijiti kwenye kila mmea uliosimama vizuri, majani yametanda, haukunjiki. Baada ya wiki mbili pita tena, ng'oa kijiti pale palipougua. Uvune yenye vijiti kwanza, peke yake, na mbegu ya msimu ujao itoke humo tu, hata kama ni viazi vikubwa ambavyo dalali anavitaka.

SWALI: Mimi ni wa Makambako. Naomba kujua kama miche ya maabara ni GMO. Jirani yangu amekataa kabisa kuila. *Msomaji*

JIBU: Si GMO. GMO ni pale mtu anapoingiza au kubadilisha vinasaba vya mmea. Hapa hatuingizi kitu, tunakata kipande cha mmea na kukipa chakula mahali pasipo na vijidudu. Ni kama bibi yako alivyokata kipande cha marando ya viazi vitamu akakichomeka tutani, isipokuwa kipande chetu ni kidogo na tuta letu ni chupa. Kitu kimoja cha kweli nikuambie ili usije ukakisikia kwa mwingine ukadhani nilikuficha: mmea ukipitishwa kwenye hali ya donge la chembe lisilo na umbo, tunaita kaluse, kwa muda mrefu, baadhi ya miche hutoka na mabadiliko yake yenyewe. Ndiyo maana mbegu za viazi tunazizidisha kwa vifundo, hatupiti kwenye kaluse. Mwambie jirani chakula ni kilekile.

SWALI: Kaka zangu na mimi tunalima nyanya Ilula. Mbegu chotara zimekuwa ghali mno, pakiti ndogo unaifungua kwa huruma. Tukitoa mbegu kwenye nyanya yetu wenyewe, zinatoka mchanganyiko. Je, maabara haiwezi kutuzidishia mche mmoja mzuri wa chotara tukapata elfu? *Kijana wa Ilula*

JIBU: Inaweza, na sikushauri.

Nyanya ni miongoni mwa mboga zinazokubali chupa vizuri. Unaotesha mbegu ndani ya chupa, siku ya nane au ya kumi unakata yale majani mawili ya mwanzo vipande, unavilaza kwenye chakula chenye homoni aina ya saitokinini kwa wingi na auksini kidogo. Kwenye kingo zilizokatwa panavimba, panakuwa na vipele vya kijani, na ndani ya wiki nne au tano vipele hivyo ni vichipukizi. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, Marekani, walionyesha kwa tumbaku kwamba uwiano wa homoni hizo mbili ndio unaoamua: saitokinini ikizidi unapata machipukizi, auksini ikizidi unapata mizizi, zikikaribiana unapata donge tu. Tumbaku na nyanya ni ndugu, na nyanya inatii sheria hiyo vizuri. Pilipili, ndugu yao mwingine, ni mkaidi. Inatoa vipele vizuri, halafu vinagoma kurefuka. Nimepoteza misimu mizima kwa pilipili.

Lakini hesabu haikubali. Mche mmoja wa nyanya wa chupa unapita kwenye mikono ya mtu mara tatu au nne, umeme wa taa saa 16 kwa siku, chakula, chupa, na kitalu cha kuuzoesha nje. Mbegu moja ya chotara, hata kwa bei inayowaumiza, itakuwa rahisi zaidi. Mkitaka nakala za mche mzuri, nyanya imewapa njia ya bure. Vile vichipukizi vya kwapani mnavyoviondoa na kutupa, chukueni vya urefu wa kiganja kutoka kwenye mmea wenye afya kabisa, vitieni kwenye maji au mchanga wenye unyevu kivulini, na baada ya siku 7 hadi 10 vina mizizi. Ni chotara yuleyule. Ila angalia, kama mmea mama ana virusi au mnyauko, umevibeba navyo.

Mahali ambapo maabara inawasaidia wakulima wa nyanya, pilipili na kabichi hampaoni, kwa sababu panatokea kabla ya pakiti. Mzalishaji wa mbegu chotara anahitaji wazazi wawili waliotulia, wasiotoa mchanganyiko. Kwa njia ya kawaida anajirudia kuchavusha vizazi 6, 7, 8. Kwa kabichi na pilipili anaweza kuchukua chembe changa za chavua, akazikuza chupani mpaka ziwe mmea wenye nusu ya vinasaba, kisha akavirudufisha, na kwa kizazi kimoja akapata mzazi aliyetulia kabisa. Kwa nyanya njia hiyo bado inasumbua.

Mkinionyesha shamba, nadhani mngepata zaidi kwenye kubebesha: mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya la aina inayostahimili mnyauko bakteria. Hilo nitaliandikia toleo lake.

SWALI: Mama, naandika kwa uchungu. Kikundi chetu cha akina mama huku Rungwe kilipata chupa 60 za miche ya viazi tukaambiwa tuiotesheni. Tuliitoa siku hiyohiyo tukaipanda kwenye viriba, tukamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya pili imelala chini, siku ya sita yote imekufa. Tulikosea nini? *Katibu wa kikundi*

JIBU: Pole, dada yangu, na wape pole wenzako. Aliyewapa chupa bila kuwapa maelekezo ndiye aliyekosea kwanza.

Mche wa chupani haujawahi kuhisi upepo. Hewa yote ya humo imejaa unyevu, kwa hiyo jani halikuwa na sababu ya kujitengenezea nta ya juu, na vile vitundu vyake vya kupumulia havijui kufunga. Chakula ulipewa, sukari ilikuwa miguuni pake, kwa hiyo hata kujipikia kwa jua ulikuwa unajipikia kidogo tu. Ukiutoa mchana ukauweka hewani, maji yanatoka kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Mlivyomwagilia udongo hamkukosea, lakini mmea ulikuwa unakauka kwa juu huku miguu iko majini. Ni sawa na kumtoa mtoto mchanga nje bila blanketi mwezi wa saba pale Uyole, asubuhi nyasi zimevaa barafu.

Safari nyingine fanyeni hivi. Chupa zikifika, ziacheni kivulini siku tatu au nne bila kuzifungua, zizoee joto la kwenu. Halafu legezeni vifuniko siku moja au mbili. Siku ya kupanda iwe jioni. Toeni mche kwa kibano au kwa vidole viwili, shikeni shina chini, msivute kwa majani. Mizizi itatoka na ile jeli. Ioshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka mizizi iteleze kidogo tu kisha isiteleze tena. Msiache jeli, ina sukari, na ukungu wa udongo utaifuata usiku huohuo na kula mizizi pamoja nayo. Maji ya beseni badilisheni kila baada ya miche kumi hivi.

Udongo wenu wa viriba najua ni ule mweusi wa Rungwe, mzuri, lakini mbichi wenye kila kiumbe. Changanyeni na mchanga nusu kwa nusu, ulowe kidogo, muufukize kwa mvuke kwenye pipa lenye maji chini na chekeche juu, saa moja tangu mvuke uanze kutoka juu. Upoe siku mbili. Pandeni kwenye trei, sentimita tano kwa tano, mwagilieni mara moja, kisha funikeni kwa nailoni nyeupe juu ya fito zilizopindwa, na juu ya nailoni wekeni kivuli cha majani ya migomba.

Siku nne za mwanzo msifungue isipokuwa kupuliza ukungu wa maji kwa chupa ya kupulizia. Nailoni kwa ndani iwe inatiririka matone. Siku ya tano jioni inueni pembe moja kwa muda wa saa moja. Kesho yake kwa muda wa saa mbili. Muwe mnaangalia majani mapya, si yale yaliyotoka chupani. Ya chupani mengi yatakufa na hiyo si hasara. Jani la kwanza lililozaliwa nje huwa na rangi nzito zaidi na ukiligusa lina ugumu fulani. Mkiliona hilo kwenye miche mingi, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, ondoeni nailoni. Mkiiona miche ina majani ya kung'aa kama kioo, yanavunjika kama barafu, hiyo ilikuwa na maji kupita kiasi tangu chupani. Mara nyingi haiponi, na mnayo haki ya kuirudisha.

SWALI: Vitunguu saumu vyangu hapa Mafinga vinazidi kuwa vyembamba. Navyo vinafaa chupa? *Msomaji*

JIBU: Vinafaa sana, na sababu ni ileile ya kiazi. Kitunguu saumu tunakizalisha kwa punje zake, karibu hakitoi mbegu ya kweli, kwa hiyo virusi vinarundikana mwaka hadi mwaka. Ncha ya ukuaji iliyo katikati ya punje ndiyo inayokatwa. Kinakwenda polepole, si kama kiazi. Kwa sasa, ukitaka mbegu, chagua vichwa vikubwa na punje za nje zilizonenepa, na usipande zile nyembamba za katikati.

SWALI: Kamwene, mama. Nafundisha baiolojia kidato cha 5 na 6, Iringa. Kwenye mtaala kuna habari ya kuzalisha mimea kwa tishu lakini wanafunzi wanaikariri tu. Tuna jiko la presha, mizani ya shule, sanduku la plastiki na umeme wa kukatikakatika. Tunaweza kuwafanya waone chembe ya karoti ikigeuka kuwa mche? *Mwalimu*

JIBU: Kamwene, mwalimu. Mnaweza, na karoti ndiyo yenyewe.

Waanzishe na historia, kwa sababu inawapa subira. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria aliandika kwamba chembe moja ya mmea inapaswa kuwa na uwezo wa kuwa mmea mzima. Alijaribu, chembe zake ziliishi lakini hazikugawanyika. Zaidi ya miaka 50 ikapita. Mwaka 1958 F. C. Steward na wenzake, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua vipande vya karoti, wakavizungusha kwenye chupa zenye chakula, chembe zikabanduka, na kutoka kwenye chembe hizo wakapata miche ya karoti. Kilichowasaidia ni maji ya nazi, ndiyo, nazi hii hii. Yale maji ni chakula cha kiinitete na yana homoni za kugawanya chembe. Mjumbe wa basi la kutoka Dar anaweza kuwaletea madafu mawili. Mililita 100 kwa lita ya chakula zinatosha.

Chakula chenyewe kinauzwa kikiwa unga, kimechanganywa kwa kipimo alichokitoa Toshio Murashige na Skoog mwaka 1962. Gramu 4.4 kwa lita, sukari ya dukani gramu 30, agari (unga wa kugandisha) gramu 7 au 8. Uchachu (pH) uwe 5.8, pimeni kwa karatasi kabla ya agari. Halafu mnahitaji dawa ya 2,4-D, na hapa wanafunzi watashangaa, kwa sababu wazazi wao wanaijua: ndiyo inayopigwa kwenye mahindi kuua magugu ya majani mapana. Kwa wingi inaua. Kwa milligramu 1 kwenye lita inaiambia chembe ya karoti igawanyike. Msichukue ya kwenye dumu la shambani, ina viungo vingine, tafuteni ya maabara. Mizani yenu haipimi milligramu 1, kwa hiyo yeyusheni milligramu 100 kwenye spiriti kidogo, mjaze maji mpaka lita moja, na kila lita ya chakula mtie mililita 10 za hayo.

Sasa jiko la presha, na hapa shule za kwetu hukwama bila kujua kwa nini. Vitabu vinasema dakika 15 au 20 kwa nyuzi 121. Vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Iringa mko juu ya mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na jiko la presha likifika kipimo chake cha kawaida cha juu, ndani mnapata karibu nyuzi 118, si 121. Nyuzi tatu hizo zinatosha kuacha hai mbegu za bakteria sugu. Toeni hewa yote kwanza, mvuke ukitoka kwa nguvu dakika tano ndipo mfunge, kisha hesabuni dakika 30. Chupa za jamu zijazwe robo tu.

Karoti iwe mbichi, ngumu, isiyo na ufa. Osheni kwa sabuni na brashi, menyeni, kateni visahani vya nusu sentimita. Loweka kwenye Jik, sehemu moja kwa mbili za maji, na tone la sabuni ya vyombo, dakika 20. Suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye jiko la presha. Ndani ya lile sanduku la plastiki, lililopanguswa kwa spiriti na lenye matundu mawili ya mikono tu, kateni kingo zilizopaushwa mtupe. Kisha angalieni kisahani: pete ya nje ya machungwa iliyokolea, kiini cha ndani kilichofifia, na kati yao mstari mwembamba. Kipande kipite kwenye mstari huo. Ndipo chembe zilipo tayari kugawanyika.

Moto, mwalimu, tafadhali. Kisu kilichochovywa kwenye spiriti na kupitishwa kwenye moto, kisirudishwe kwenye spiriti kikiwa bado kinawaka. Nimeona meza nzima ikishika moto kwa kosa hilo, na msichana aliyekuwa karibu alipata kovu. Kikombe cha spiriti kiwe nje ya sanduku, na kitambaa kilicholowa kiwe karibu.

Chupa ziwekwe kabatini gizani, nyuzi 25 hivi, na kwa baridi yenu ya mwezi wa sita zifungeni kwenye blanketi usiku. Umeme ukikatika hazitakufa. Siku ya tano au ya sita nyingine zitakuwa na nywele nyeupe za ukungu, huenda hata nusu yake. Zichemsheni bila kuzifungua, na wanafunzi waandike ni mikono ya nani, siyo kwa kuwaadhibu, bali wapate kujua mikono yao. Wiki ya nne, kwenye zilizobaki, mtaona uvimbe wa rangi ya maziwa yaliyokolea kando ya ule mstari, unabomoka ukiguswa. Huo uhamishieni kwenye chakula kilekile kisicho na 2,4-D, muuweke kwenye mwanga. Dawa ikiondoka, chembe zinaanza kupanga umbo: kwanza tufe dogo, kisha moyo, kisha kama kiluwiluwi chenye mkia, na mkia huo ndio mzizi. Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha kuliona umbo la moyo.

Kila chupa iandikwe tarehe na jina la aliyeifunga. Mkifika hatua ya moyo nipigieni picha yake mnitumie, na niambieni ni chupa ngapi zilivuka, maana nina rafu moja ya miche safi ya viazi hapa ambayo ningependa kuileta shuleni kwenu siku hiyo, tuikate vifundo pamoja.